Ukurasa Nilioruka

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Mama ni mzima, mimi nimekuwa wa nne darasani, na paka amezaa kwenye kikapu cha vitambaa vya Dada. Nakuandikia nikiwa kwenye benchi la hospitali.

Shangazi, Dada anaumwa. Mguu wake wa kushoto ulianza kuvimba Jumatatu, akatania kwamba umekula posho ya mwenzake. Mama akaukanda kwa maji ya moto. Leo asubuhi alibanwa pumzi akiwa kwenye cherehani.

Daktari aliuliza, "Kuna dawa yoyote anatumia?"

Mama akajibu, "Hakuna, mwanangu." Dada akanitazama. Mimi nikatazama sakafu.

Dada anameza vidonge vya kupanga uzazi kwa siri, miezi miwili sasa, na Mama anangoja mjukuu. Karatasi ya maelezo ya vidonge ni ya Kiingereza, mimi ndiye niliyemsomea. Nilipofika penye mambo ya unyumba niliona aibu, nikaruka ukurasa mzima, nikamwambia, "Mengine ni ya kawaida tu." Nimeusoma leo chooni. Unasema damu inaweza kuganda mguuni, kipande kikapanda hadi mapafuni. Unasema mguu ukivimba, wahi hospitali.

Dada aliniapisha nisimwambie Mama. Huenda asinisemeshe tena. Sijali, apone tu.

Daktari anarudi, na Mama yuko naye. Nainuka, Shangazi. Nitawasomea wote wawili, nikianzia pale pale nilipoona aibu.

Mwanao,
yule mnayemwita Kimya