Darasa Alimofia Talha

Kariakoo, Dar es Salaam

Kaka Azzan,

Shikamoo. Natumai huko Maskati hamjambo. Mjukuu wangu Anfal ameota jino.

Juzi nilimpeleka Mama kuiona nyumba ya Babu, ile iliyotaifishwa, siku hizi jengo la chuo kikuu. Chumba alimofia ndugu yetu Talha utotoni sasa ni darasa. Mama aliingia moja kwa moja, akakaa nyuma.

Binti mmoja akamwuliza, "Shikamoo bibi. Unamtafuta nani?"

"Marahaba. Mwanangu anaumwa, ndiyo kwanza amelala. Punguzeni sauti."

Mwalimu akanyamaza, na darasa zima likanyamaza, mpaka Mama aliponyanyuka mwenyewe.

Kaka, jina langu ameshalisahau. Lako bado analitaja. Njoo kabla halijampotea nalo.

Mdogo wako akupendaye,
Samah