Karatasi ya Uongo Haikutuweza, Kapinga

Kapinga, mutoto ya dada yangu, mama yangu mudogo,

Nakuandikia nikiwa sasa muntu mukubwa mu Lubumbashi. Usicheke. Kutoka Karavia mpaka Kamalondo, hakuna patron mwenye anafungua ordinateur, kompyuta yake, asubuhi bila kuuliza kwanza Tonton Kalala anasema nini. Juzi bakubwa ba mine ya shaba balikuja kunitafuta na magari ine nyeusi. Nikabaambia barudi kisha mwezi, niko na kazi mingi.

Nakusikia: "Tonton, umeanza." Ndiyo, nimeanza. Lakini leo uniache nijisifu, juu maison, kampuni ya malori ya patron wetu Papa Kambale, ingali imesimama, na bantu benye baliisimamisha ni babili: mie na weye. Mie zaidi. Lakini na weye pia, hata kama uko mu udongo.

Tangu homa ile ikubebe ni miezi saba. Mama yako anakula tena. Wiki hii dada yangu aligombana na jirani juu ya kuku, sauti ilifika mpaka njia kubwa, nikajua anapona. Kiti chako mu bureau hakuna muntu anaikalia. Patron alisema ataleta informaticien mwingine wa kuchunga ma-ordinateur, kisha vita ikashika Kivu, hakuna mwenye alikumbuka tena. Depot yetu ya Goma ilivunjwa. Balibeba bidhaa, balibeba ma-ordinateur, balibeba hata milango. Njia ikakatika. Kila siku bantu ba kule banafika hapa na mifuko ku kichwa, banakuja kuuliza Papa Kambale kama alisikia habari ya kwabo, naye anaomba pamoja nabo palepale ku mulango, katikati ya magunia.

Camion zetu tano za mizigo zilikuwa kule. Ma-chauffeur bane balipiga simu. Wa tano, kimya. Ule wa tano ni Muhindo, bwana ya Mama Godé, secrétaire wetu.

Unakumbuka Godé ginsi alikuwa anachekaka mpaka meza inatikisika. Hakucheka tena. Wiki tatu alikaa mbele ya écran yake, kila barua yenye kuingia anashituka. Na mie niko ku kiti yangu karibu ya mulango, boîte kwenye ma-câble ya ma-ordinateur yote yanakutana nyuma ya kichwa, cachet, muhuri ya maison, mu mufuko ya shati. Unajua kazi yangu: hakuna karatasi inatoka mule bila mie kuipiga cachet. Patron anaweka sinyatire, saini yake, ndiyo, lakini ni ule muviringo wa bleu njo unafanya karatasi ikuwe karatasi. Ku barrière ya njia polisi hasomake jina ya patron. Anaangalia cachet, anafungua njia.

Sasa siku moja, saa ine ya asubuhi, Godé akalia: "Yesu wangu! Balibaona!"

Barua ilitoka ku adresse ya depot ya Goma yenyewe. Ndani yake document, na jina kubwa: liste ya ma-chauffeur benye balipatikana. Nikaruka kuona. Document ilifunguka, lakini majina yote yalikuwa kama sura ya muntu nyuma ya moshi, unaona kuna kitu lakini hausomi. Kitu moja tu ilionekana wazi: pa chini, cachet yetu, ya bleu, muzuri kabisa. Na pa juu mustari wa manjano na kifungo: finya hapa kwanza ili usome.

Kapinga, nilikusikia mu sikio kama uko nyuma yangu. "Tonton, karatasi ni ya kusoma. Kama inakuomba ufinye kitu kwanza, acha." Nikamwambia: "Mama Godé, ngojea, usifinye."

Akanijibu bila kugeuka: "Tonton, rudi ku mulango yako! Bwana yangu eko mule ndani. Hauoni cachet? Si ni yetu?"

Na kweli, muntu gani wa huku anaweza kukatala cachet? Mie mwenyewe moyo ulilegea, karibu nimwambie finya. Njo nikaikaribia, nikaiangalia muzuri. Masomo niliachia ku ya tano primaire, unajua, Français inanipita mbali. Lakini ile cachet niliipiga mara mingi kuliko nywele zenye ziko ku kichwa yangu. Na ule muviringo wa mu écran ulikuwa muzima. Yetu haiko muzima. Tangu mwaka jana iko na pengo pa chini, kama jino ilitoka. Weye unaijua ile pengo kuliko muntu yote, juu ni kwa ajili yake patron alikufokea mbele ya bureau nzima. Tuache ile kwanza.

Nikalia: "Godé, cachet ya uongo!"

Kidole yake ilikuwa imekwisha kufinya.

Dirisha ndogo nyeusi ikafunguka mu écran, ikafunga, ingine ikafunguka. Godé akaogopa, akapeleka mukono azime machine. Hapo, mama, ni weye ulinisukuma. Unakumbuka ma-samedi, zile jumamosi kisha kazi, ulinisimamisha karibu ya boîte kama soda wa jeshi? Ulikuwa ukipiga makofi ghafula: "Tonton, chomoa!" Nachomoa. "Tonton, unazima machine?" Sizimi. "Juu ya nini?" Juu alama za mwizi ziko ndani, ukizima zinapotea. Bantu balicheka. Mie nilikuwa nanung'unika ati unanifanya mutoto wa masomo. Siku nilichelewa kuchomoa, ulisema: "Tayari, Tonton, bameingia na banakunywa chai yako."

Basi nilimushika Godé mukono, nikarukia ile boîte, nikachomoa câble yake, kisha zote, mia moja, kwa mukono moja, kama muntu anang'oa mamba mu Lufira. Nikaandika saa ku karatasi ginsi ulinifundisha. Nikakataza kila muntu kushika kitu. Patron akatoka na Biblia mu mukono, akauliza ni nini, nikamwambia, mie Kalala: "Papa, kaa chini." Akakaa!

Kisha nikapiga simu. Simu, si barua, juu kama mwizi eko mu barua atasoma. Nikaita Bijou, rafiki yako wa Bel-Air mwenye mulisoma naye. Alifika na pikipiki, akaingia na casque yake ingali ku kichwa, akakaa mbele ya machine ya Godé. Akauliza nani alichomoa. Nikasema ni mie. Akasema: "Tonton, dakika mbili zaidi bangefika ku machine zote." Andika ile mu mbingu, mama. Dakika mbili.

Alituelezea pole pole. Benye kuvunja depot ya Goma, ao bantu benye balinunua ma-ordinateur yake, balikuta barua zetu za zamani. Balichukua jina zetu, balichukua cachet ku karatasi ya zamani, ya wakati pengo ilikuwa haijaingia. Kile kifungo cha manjano kilikuwa kinaita programu ya kufunga karatasi zetu zote kama na kufuli, mpaka tulipe feza. Na adresse ya bureau yetu ya Kolwezi ilitumiwa ile document pia. Bijou akapigia ba Kolwezi simu palepale. Balikuwa bangali hawajaifungua. Tukabadilisha mot de passe, maneno ya siri, zote. Akafuta machine ya Godé kabisa, akarudisha karatasi kutoka disque yako.

Ndiyo, ile disque yenye nakala ya karatasi zetu zote. Ile uliniachia nipeleke ku nyumba kila samedi na nirudishe lundi, jumatatu, isibakie imechomekwa. Tangu ulikufa sikukosa samedi hata moja. Naifunga mu kitenge ya mama yako, napita nayo Kamalondo, jirani banafikiri nabeba mukate. Karatasi zote zilirudi, Kapinga. Zote. Nilitoka inje nikakaa ku ngazi.

Lakini Godé hakufurahi. Alikaa na mikono ku mapaja, akaniuliza: "Tonton Kalala, basi jina yake haikuwa mule?" Hakukuwa liste, mama. Hakukuwa jina ya muntu yote. Bale bezi balijua tu kitu gani muke mwenye kungojea hawezi kuacha kufinya. Nikamuletea mayi ya kunywa. Hatukumugombesha, na patron pia hakumugombesha. Uliwahi kusema mwenye kufinya akigombeshwa, kesho atafinya na atanyamaza.

Siku ine kisha, simu ikalia. Numéro ya kigeni. Godé akasikiliza, kisha akaanguka ku kiti chako, ndiyo, chako, wa kwanza kuikalia. Ilikuwa Muhindo. Camion ilichomwa na karatasi zake zote ndani. Alizunguka Ouganda, akashuka Tanzanie, akavuka ziwa, eko Kalemie, na ku barrière banamuzuia: muntu bila karatasi, mwenye anatoka kule vita iko, banamufikiria mubaya. Godé akafungua machine. Permis yake ya kuendesha ilikuwa mule. Carte yake ya kitambulisho ilikuwa mule. Ordre de mission, barua ya kumutuma safari, ilikuwa mule. Kama bale bezi balifunga, hatungekuwa na kitu ya kuonyesha. Tukazichapa ku imprimante, patron akaweka sinyatire, na mie nikapiga cachet, na pengo yake. Tukapiga picha, tukaituma ku simu yenye aliazima.

Dimanche, jumapili iliyopita, alishuka ku train. Amekonda, ndevu imefika ku kifua, hana viatu. Godé alimupiga kwanza na mufuko ya mukono, paa, paa, "wiki ine bila simu, weye!" kisha akamushikilia, akacheka. Ile kicheko yake ya zamani. Bantu ba gare baligeuka. Nikakutafuta pembeni yangu nikuambie: unasikia?

Sasa nakuaga, mama mudogo. Lala bila wasiwasi. Disque itaenda na kurudi kila samedi mpaka magoti zangu zikatale. Ma-samedi napigia Godé makofi mie mwenyewe, "chomoa!", anachomoa mbio kuliko mie. Na lundi asubuhi, mbele ya bureau nzima, palepale kwenye alikufokea, nitamwambia patron kitu. Nakuambia weye wa kwanza.

Ile pengo ya cachet, si weye uliiangusha. Weye ulikutwa nayo ku meza yako, ukanyamaza, ukaniangalia tu. Ulijua. Ni mie, Kapinga. Nilikuwa ku bar mu Kamalondo, nilitaka kuonyesha bantu ginsi naweza kufungua bia na cachet ya maison.

Tonton yako,
Kalala