Mama Amerudi Akitembea Wima

Hasamba, Mbozi
14 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Judith,

Hamjambo huko Lusaka? Shemeji Watson anaendeleaje, na kile kikohozi cha Angel kimeisha? Sisi tu wazima, ila baridi imetukamata, na kahawa imeanza kuiva.

Mama alifika Jumamosi iliyopita. Nilimpokea Tunduma, nikamwona akivuka mpaka kwa miguu yake, wima, bila fimbo. Asante sana. Nimeanza na shukrani kwa sababu yanayofuata si mazuri.

Tangu afike, mdomoni mwake ni wewe tu. Judith alinipeleka kwa mnyoosha mgongo, Judith alinipikia uji. Wanakwaya wenzake wote wamesimuliwa alivyoelezwa na yule mtaalamu: pingili ya kiunoni ikikaa vibaya inabana mshipa wa fahamu, ndiyo maana mguu ulikuwa unakufa ganzi, mwili nao unaegemea upande mmoja kukwepa maumivu, mpaka bega na shingo vinaumia. Wiki sita, basi, amepona. Mimi nilimwogesha miaka mitatu, Judith. Nilimbeba mpaka chooni. Hayo hakuna aliyesimuliwa.

Nilikuonea wivu mpaka nikafanya jambo la aibu. Jumatatu alichukua ndoo aende bombani, nikamnyang'anya, nikamwambia akae, yeye ni mgonjwa. Alinitazama sana.

"Rozi, unataka niendelee kuumwa?"

Ukweli ni kwamba kwa muda kidogo nilitaka. Alipokuwa mgonjwa alikuwa wangu.

Hakunigombeza. Alinigeuza, akanipitishia vidole mgongoni taratibu, kama alivyofanyiwa yeye. Akasema bega langu la kushoto limeshuka, na aliyelishusha ni yeye, kwa kubebwa. Kumbe miaka yote alikuwa anaona. Nililia, mdogo wangu. Ni kweli asubuhi siwezi kugeuza shingo, na sikuwa nimemwambia mtu.

Sasa anataka nije huko kwa yule mtaalamu baada ya mavuno, yeye abaki na nyumba. Nitapiga picha ya mgongo Vwawa kwanza, daktari aseme, kisha nije. Naomba unipokee. Na kama umenikasirikia kwa niliyoandika, nipokee hivyo hivyo.

Kaka Danford na wifi Fides wanawasalimu. Mama anawaombea kila jioni, kwa majina, akianza na lako. Mungu awalinde nyote.

Dada yako akupendaye, pamoja na wivu wote,
Rozi