Gari ya Kumsindikizia Nassor

Hayes, London
Jumapili, baada ya alasiri

Mama yangu,

Shikamoo. Pokea na shikamoo ya pili, ya Baba Nassor, ambaye saa hizi naiona miguu yake tu, mwili wote uko uvunguni mwa gari, na amepaza sauti kutoka huko huko nisije nikamsahau. Vipi hali yako? Magoti yamekupa nafuu, au bado yanakuamsha kabla ya adhana? Yale mafuta niliyompa Bi Zuwena akuletee, upake halafu upumzike, si upake halafu uende kuchota maji. Nakujua. Na weye wifi yangu Rukia, unayemsomea mama barua hii, soma polepole, na ukifika pahala nilipokusema usiruke, maana nikija nitamuuliza.

Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Mie bado niko kule kule kwenye jiko la vyakula vya abiria wa ndege, napanga vijisahani vya siagi mpaka vidole vinasahau kazi nyengine. Zuleikha na Maryam wanakua, viatu havikai nao. Furushi lako limefika salama, bizari na pilipili manga na ule udi. Huo udi una kisa chake, nitakifikia. Kwanza nikupe habari kubwa: mjukuu wako Nassor ameshakwenda chuo kikuu.

Ndiyo, keshakwenda. Yuko Leeds, mji wa mbali huko kaskazini, anasomea uhandisi. Nimechelewa kukuandikia kwa sababu kila nikishika kalamu naanza kulia, Baba Nassor ananicheka, basi naiweka. Leo yeye yuko chini ya gari, hanioni.

Kwenda kwenyewe kulitaka kutuvunjia nyumba. Siku ile alipokubaliwa nilipika biriani, tukala tukashukuru, na mie kwa furaha yangu nikasema, "Basi tutakupeleka sote." Mtoto akanitazama kama nimesema tutakwenda kwa ngamia. Akaniambia kwa Kiingereza chake cha upole, kile anachokitoa akitaka kunikatalia, kuwa haina haja, treni ipo, atapanda na begi lake, watu wote wanakwenda hivyo. Watu wote akina nani? Kwetu hajaondoka mtu kama mwizi. Mie nilipoolewa nikaja huku, mtaa mzima ulihamia uwanja wa ndege, hata Bi Fatuma aliyekuwa hasemi na weye alikuja, na akalia kunishinda mie. Leo mwanangu wa kwanza aondoke na begi mgongoni, mlango ufungwe, basi? Na weye ukiniuliza nani alimsindikiza, nikujibu nini? Nilimwambia yote hayo, na sauti ilipanda, sikufichi.

Nassor akataka kupoza, akaharibu zaidi. Akasema, "Na gari yenyewe, Baba, si ya safari ile. Itatufia njiani." Loo! Afadhali angemtukana.

Gari hiyo unaijua kwa picha, ile ndefu ya kijani, ya magurudumu makubwa, yenye viti vya watu saba. Baba Nassor aliinunua imeshazeeka, na tangu hapo imezidi kwenda, mwendo wake ukiuhesabu utadhani ilikuwa inakwenda Unguja na kurudi. Mie ndiye niliyempa jina la Bi Mdogo, kwa kuwa aliolewa baada yangu na mume akamwangukia mzima mzima. Mie nikiumwa kichwa naambiwa nimeze kidonge nilale. Yeye akikohoa tu, mtu kashavaa ovaroli. Lakini mke mwenzangu huyo sina ugomvi naye, kwa sababu kanibebea watoto na magunia ya mchele, na maharusi na wafiwa wa hapa Hayes wote wameshaketi kwenye viti vyake.

Baba Nassor akasema, "Kama maradhi ni gari, gari itatibiwa. Ikipona tunakwenda sote. Isipopona, panda treni yako, na mama yako asikuseme tena." Wakapeana mikono. Mie sikuulizwa, lakini nilikubali kimoyomoyo, na tangu siku ile roho yangu ikawa imo ndani ya injini.

Basi kila Jumamosi ikawa matibabu. Alimwaga oili chakavu, nyeusi kama wanja, akatia mpya na filta mpya. Akabadilisha plagi zote. Akasafisha kabureta kwa mswaki, na mswaki wenyewe ni wangu, mama, nimeukuta mweusi! Akaosha rejeta mpaka maji yakatoka meupe, akabadilisha brekipedi na matairi ya mbele. Akimaliza hayo ananiita niwashe, yeye ameinamia injini, sikio upande, anakaza kiskurubu hivi, anakilegeza hivi, na kunipigia kelele, "Kanyaga! Wacha! Kanyaga kidogo!" Mie na buibui langu nakanyaga, majirani wanachungulia kwenye mapazia. Ilikuwa ikinguruma juu juu kama mtu mwenye pumu, na Jumamosi moja ikaanza kuvuma kwa utulivu. Baba Nassor akanyanyua kichwa, meno yote nje. Nilimpenda upya, sikwambii uongo.

Mkanda wa feni tuliufuata Hounslow, kwa Bwana Jayanti, Muhindi wa Mwanza mwenye duka la spea. Kiswahili anakimwaga kuliko watoto wangu. Alipotuona tu akasema, "Suleiman, bado unayo gari hii? Mwache bibi wa watu astaafu!" Baba Nassor akamjibu, "Na weye mbona hustaafu, unazeekea kaunta?" Wakacheka mpaka mteja mwengine akatoka. Mkanda ukapatikana, na ushauri mwingi tusiouomba.

Bi Mdogo akapelekwa kwenye ule ukaguzi wa serikali wa kila mwaka, akapita. Baba Nassor akarudi anapiga mluzi. Nassor akasema, "Vizuri, Baba," lakini nilimwona bado anaitazama ratiba ya treni aliyoibandika ukutani.

Sasa nije kwenye udi. Unajua mie kila Ijumaa naifukiza nyumba na nguo, na gari pia huipitishia chetezo, nikafunga vioo ikanywa moshi vizuri, kwa sababu Baba Nassor huwapakia wenziwe wa kazini na wao wanavuta sigara. Safari hii nilitumia udi wako. Siku zilizofuata, kila injini ikipata joto, inatoka harufu ya moshi. Baba Nassor akanambia, "Asha, mara hii umezidisha." Nikajitapa! Nikamwambia huo si wa dukani, huo ni wa mama, ukishaingia hautoki. Akasema kweli, mama mkwe hana mchezo. Tukawa tunakwenda kazini na kurudi tumeketi ndani ya harufu ile, tunausifu udi wako.

Jumatano Nassor akapanda nasi kwenda sokoni. Hatukufika hata kwenye daraja, akauliza, "Mama, umefukiza lini?" Nikamjibu Ijumaa. Akanusa tena. "Udi wa Bibi haukwaruzi koo. Baba, simama." Baba yake akaanza kumbishia, mie nikamsaidia kubisha, lakini mtoto alikuwa ameshashika mpini wa mlango. Tukasimama. Walipofungua boneti, moshi ukawapanda usoni.

Oili ilikuwa inavuja pale juu, penye kifuniko cha injini. Gasketi yake, ile ya kuzuia oili isipenye, imekufa, inadondosha tone baada ya tone kwenye bomba la moshi lenye moto, na inakaangika. Baba Nassor alikuwa amebadilisha kila kitu isipokuwa hiyo. Ingetuwakia katikati ya njia kuu, watoto ndani, na mie nashukuru kwa udi mzuri! Uzuri wa mkakasi, mama, ndani kipande cha mti.

Tulirudi nyumbani. Baba Nassor hakula, alikaa anafuta mikono ambayo haikuwa na uchafu. Nilijua tumeshindwa, na haki ilikuwa ya mtoto. Nassor alikula, akaosha sahani yake, akaenda chumbani. Nikajiambia basi, Asha, nunua keki umfungie ale kwenye treni.

Kesho yake narudi kutoka kazini, naona boneti iko wazi na miguu mingine kando ya miguu ya mume wangu. Nassor alikuwa amepanda basi peke yake mpaka kwa Bwana Jayanti, kanunua gasketi, kaileta ndani ya mfuko wa plastiki. Baba yake anamwonyesha namna ya kukwangua ile ya zamani isibakie hata chembe, yeye anakwangua, ulimi nje kama alipokuwa anajifunza kuandika. Nikawapelekea chai. Nikarudi ndani, nisije nikaharibu.

Baadaye nilimkuta jikoni anasugua kucha. Nikamuuliza kwa nini kaitengeneza gari, na ushindi ulikuwa wake. Akanambia, "Mama, nikipanda treni, nyie mtanifuata na gari hii hii. Nakujueni. Bora niwemo ndani, angalau mie nina pua." Mwanaharamu mkubwa! Nilicheka nikakaa kitako chini, halafu nikalia, halafu nikacheka tena. Ile ratiba ya ukutani akaibandua mwenyewe.

Tukaenda sote watano. Pilau kwenye sufuria, vibanio vya nguo, blanketi lile zito, galoni mbili za maji ya rejeta, jeki na spana chini ya miguu ya Maryam, ambaye alilalamika njia nzima. Bi Mdogo alikwenda, mama! Kwenye milima alipunguza mwendo kidogo, malori yakatupita, lakini mshale wa joto haukutikisika, na Baba Nassor akawa anaupiga usukani makofi madogo kama anayembembeleza mtoto. Kila tukisimama Nassor anashuka, anafungua boneti, ananusa. Harufu hakuna.

Tulipofika niliona wazazi wengine wanateremsha mtoto na sanduku lake, busu moja, wameshaondoka. Sisi tukaingia kama wahamiaji. Chumba chenyewe kama stoo yako ya kuni. Nilimtandikia kitanda, Zuleikha akapanga vitabu, Baba Nassor akakagua bawaba za dirisha. Nassor alituchemshia chai kwenye kikombe chake kimoja, tukanywa kwa zamu. Hakuona haya hata kidogo, na wenzake walipopita mlangoni aliwaita waje wale pilau. Sufuria ilirudi tupu.

Hizo ndizo habari. Nisalimie kaka Hamadi, mwambie shemeji yake anauliza kama ile pikipiki bado anaikokota. Nisalimie shangazi Mwanakheri anayekukanda miguu, Mungu amlipe, na jirani yetu Bi Zuwena aliyenibebea furushi. Na Bi Fatuma pia, kama siku hizi mnasemezana. Wifi Rukia, kanga yako nimeshainunua, nyekundu, ukivaa kaka yangu atakosa kazi ya kufanya.

Nilitaka kufunga hapa, lakini moyo unakataa, kuna kitu nilikiruka. Rukia, wacha kusoma haraka.

Tuliagana na Nassor mle chumbani. Nilimkumbatia, nikamsomea dua, nikatangulia kutoka ili asiuone uso wangu. Tukaingia garini, baba yake akawasha. Mara mlango wa nyuma ukafunguliwa, Nassor huyo, akajibana katikati ya wadogo zake. Baba yake akamuuliza, "Umesahau nini?" Akasema, "Sikusahau kitu. Nakusindikizeni."

Tukatazamana, mie na Baba Nassor. Tukaenda naye mpaka kituo cha petroli kilicho mwisho wa mji, pale njia kuu inapoanzia. Akashuka, akafungua boneti, akachomoa kijiti cha oili, akakifuta, akakitumbukiza, akakitazama tena. Akainama akanusa. Akafunga boneti kwa mikono miwili, akazunguka akaja dirishani kwangu. Akanambia, "Msiende mbio. Baba akichoka mpumzike. Na mkifika nipigieni, simu iko ukumbini, nitakaa karibu."

Maneno hayo, mama, mie ndiye niliyeyabeba kutoka Hayes nimwambie yeye. Kashayachukua yote. Nikamshika shavu, nikamwambia, "Ndiyo, baba."

Mwanao,
Asha