Mabawa kwa Nusu Bei

Jumatatu, 3 Machi

Jumamosi binti yangu Kipepeo anatimiza miaka kumi na minne na mimi sina zawadi. Siku tano zimebaki! Nimeshaanza kukosa raha.

Anaishi na mama yake, mji mwingine, mwaka wa nne sasa tangu tuachane. Mimi na Kipepeo tunakutana ndani ya mchezo wa simu, kila jioni saa kumi na moja, nikishanawa mikononi plasta ya kazini, ile ya kumiminia kalibu za meno. Tuna kisiwa chetu mle. Tuna nyumba, daraja na mbuzi wawili watoro. Kwa simu ya kawaida tunaishiwa maneno baada ya "umekula?" Mle ndani tunaongea mpaka tunagombana. Kwa hiyo zawadi zangu nazo ni za mle ndani. Mwezi wa kwanza alikuwa mnyonge, analalamika kichwa, nikamnunulia mabawa. Makubwa! Elfu arobaini na nane kwenye duka la mchezo, na rangi nikayapaka mwenyewe. Rangi gani? Ya jino, bila shaka — fundi wa meno bandia ataijua rangi gani nyingine. Namba A3 ya kibao chetu cha rangi, na karibu na bega nikaikoleza kidogo, kama jino halisi linavyokolea karibu na ufizi. Alicheka sana. Baba, sasa nitaruka kwa meno, alisema.

Leo nimeingia mtandaoni kutafuta taa ya kuning'iniza darajani. Nikaangukia soko la nje, la wachezaji wenyewe kwa wenyewe. Taa ileile — nusu ya bei ya dukani. Farasi, nusu. Mabawa, elfu ishirini na nne!

Nimebaki nimeishika simu kama mtu aliyeibiwa. Kwani mwezi wa kwanza nilipigwa? Au hawa ndio wezi? Kitu ni kilekile, hakichakai, hakina hata mkwaruzo. Kwa nini kiwe rahisi hivyo?

Jumanne, 4 Machi

Nimemuuliza Bi Mapokezi. Mama mzima wa miaka hamsini na saba, anapokea wagonjwa wa Daktari wetu wa meno kwa sauti ya upole, na chini ya meza ana simu yenye ngome tatu na jeshi. Kwenye mchezo huu hakuna asichokijua. Kanicheka kwanza, lazima.

Akanieleza huku akimwandikia mgonjwa siku ya kurudi. Hela ikishaingia kwenye mchezo haitoki. Duka linauza, halinunui. Mwenye vitu vya laki nzima mle ndani, siku akihitaji hela ya sabuni, hana pa kwenda ila kwa mchezaji mwenzake. Na mwenzake si mjinga. Anunue kwa bei ya duka, kwa mtu asiyemjua, bila risiti, ya nini? Lazima apunguziwe. Halafu wapo wanaonunua kwa kadi za benki za watu. Mwenye kadi akilalamika, duka linanyang'anya kitu na kumfungia akaunti aliyeuza pamoja na aliyenunua. Woga huo nao unakatwa kwenye bei.

"Dukani unanunua taa na usingizi," kaniambia. "Nje unanunua taa peke yake."

Nikauliza, basi wauzaji wote wa nje ni wezi? Akaniangalia kwa juu ya miwani.

"Wengi ni watu wenye shida tu, fundi. Mwenye raha zake hauzi kwa nusu bei."

Nimerudi maabara nikiwaza kufungiwa tu. Akaunti ya Kipepeo ifungwe kwa ajili ya taa yangu ya bei ya bure! Kisiwa, nyumba, mbuzi — tungekutana wapi tena? Nimewaza hivyo mpaka nikamtengenezea mzee wa watu jino la A1, jeupe kama kikombe, wakati kinywa chake chote ni A4. Daktari amelirudisha mezani kwangu, kibao cha rangi juu yake. Afadhali angesema.

Alhamisi, 6 Machi

Kipepeo kaanguka darajani mara tatu leo. Daraja tulilojenga wenyewe! Nikamtania: bibi kizee, shika kamba. Hakucheka. Nikamwandikia aje upande wa kisima, akakaa karibu dakika nzima ndipo akauliza nimeandika nini. Herufi ndogo, anasema.

Na hakuvaa mabawa. Nimeyaweka sandukuni, kasema, yananichosha.

Yananichosha!

Tangu hapo roho haijatulia. Amenichoka mimi, si mabawa. Ana marafiki sasa, atacheza na baba hadi lini? Anaanguka kwa sababu akili yake haipo pale. Nikamuuliza kama kichwa bado kinauma, akasema kidogo. Nikamwambia apunguze simu. Nikajisikia mjinga palepale, maana nje ya simu hiyo mimi nampata wapi.

Jumamosi, 8 Machi

Nimenunua taa dukani. Bei kamili. Sikuthubutu kule nje.

Kashukuru vizuri, asante Baba, nzuri sana. Kisha akauliza maswali mawili na nayaandika hapa. Umenunua kwa bei gani? Na, inahamishika? Yaani unaweza kumpa mtu mwingine? Nikasema inahamishika, lakini umpe nani? Akasema anauliza tu.

Hakuna mtu anayeuliza tu.

Jumatano, 12 Machi

Mungu wangu. Mabawa yapo sokoni!

Nilikuwa nangoja plasta ikauke, nikafungua soko la nje — sasa imekuwa ugonjwa, nalifungua kila saa. Mabawa makubwa, elfu ishirini na mbili, yanauzwa haraka. Rangi ya A3. Nikajiambia ni bahati tu, weupe wa namna hiyo wengi wanaweza kuuchanganya. Nikaikuza picha. Karibu na bega imekolea. Kama kwenye ufizi! Hakuna mchezaji mwingine mwenye wazimu huo.

Ameibiwa. Ndilo wazo la kwanza na bado ndilo ninalo. Mtu kaingia kwenye akaunti yake, kachukua mabawa, kesho atachukua taa, keshokutwa wanamfungia kabisa. Nikapiga simu. Kapokea mama yake, cherehani inanguruma nyuma yake. Mtoto yupo shule, kasema, kuna nini? Nikasema hamna. Nikauliza kama simu yake haijapotea. Ipo hapa inachajiwa, kasema, na wewe mbona unahema? Nikasema nimepanda ngazi. Maabara haina ngazi, na yeye anaijua vizuri.

Basi mwizi nitamshika mwenyewe. Kule sokoni watu hawaonyeshi majina wala namba, kila mtu anajiita anavyotaka. Nimejiandikisha: Mteja 77. Muuzaji anajiita Haraka. Nimemwandikia kwa ukali: mabawa haya umeyatoa wapi?

Hajajibu. Nimemaliza meno mawili tu leo, na moja silipendi.

Alhamisi, 13 Machi

Kajibu saa kumi kasoro, saa ambayo watoto wamesharudi kutoka shule. Nataka kuyaandika kama yalivyo.

"Si ya wizi. Nilipewa na baba yangu."

Nimesoma mara nne. Nikaiweka simu chini, nikaichukua tena. Plasta ikaganda kwenye bakuli na kijiko ndani yake.

Nikamuuliza, sijui nguvu niliipata wapi, kwa nini auze zawadi tena chini ya nusu bei? Akanijibu kama mtu mzima. Bei ya dukani anaijua, lakini dukani hawanunui, na wa nje wanaogopa, kwa hiyo bei ndiyo hiyo. Kumbe somo la Bi Mapokezi binti yangu analijua siku nyingi! Anataka miwani. Walipimwa shuleni, karatasi anayo. Mwalimu amemhamisha dawati mara mbili, sasa yupo mbele kabisa, na ubao bado ni ukungu. Mama alisema wangoje mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi umeshapita mara mbili. Miwani ni elfu ishirini na mbili.

Ndiyo maana ya ile bei. Hakuitoa sokoni, aliitoa kwa mwuza miwani.

Nikaandika: mbona usimwambie baba yako?

"Nilimwambia kichwa kinauma. Akaninunulia mabawa."

Nimetoka nje nikasimama karibu na pipa la taka za plasta. Daraja. Herufi ndogo. Kichwa, kichwa, kichwa! Na mimi namwambia bibi kizee, shika kamba. Kazi yangu ni macho. Natofautisha A3 na A3 na nusu bila kukuza kitu, watu wanakuja toka mbali kwa ajili ya hilo, na mtoto wangu mwenyewe haoni ubao na sikujua. Kwa hela ya mabawa yale angepata miwani jozi mbili na chenji juu. Nina aibu. Aibu ya kweli, ya kutotaka kujiangalia kwenye kioo.

Saa kumi na moja tukakutana kisiwani kama kawaida. Hakutaja miwani, sikutaja mabawa. Tukakimbiza mbuzi. Kaanguka darajani mara moja na nikajifanya sikuona.

Ijumaa, 14 Machi

Nimewaza njia zote tangu asubuhi na kila moja ina mwiba.

Nimpigie mama yake — itageuka kesi, kwa nini mtoto anauza vitu kwa watu asiowajua, kwa nini wewe unanunua midoli ya hewani wakati mwenzio anashona hadi vidole vinakufa ganzi. Na atakuwa na haki. Nitume hela kimya — Kipepeo atauliza nimejuaje. Nimwambie ukweli — atajua Mteja 77 ni baba yake, aliyejificha na kumchokonoa habari za baba yake. Alimwambia mtu baki kile ambacho hakuniambia mimi! Akijua mtu baki alikuwa mimi, nani atamwambia tena kitu? Hilo ndilo linalonitisha kuliko kufungiwa akaunti.

Nimemweleza Bi Mapokezi nusunusu, nikasema ni rafiki yangu. Kasema huyo rafiki yako apeleke hela ya miwani na aache maigizo. Kisha akaniuliza rafiki yako binti yake ana miaka mingapi. Nikasema sijui. Akarudi kwenye ngome zake.

Nimeamua kununua. Nitanunua mabawa yangu mwenyewe, apate miwani wiki hii, mengine yatafuata.

Saa kumi kasoro. Daktari ana mgonjwa, nipo peke yangu maabara. Nimemwandikia Haraka kwamba nachukua, na nikataja bei: elfu arobaini na nane. Bei ya dukani, yote! Nilitaka apate miwani nzuri, fremu anayoipenda yeye, si ile ya kuonewa huruma.

Akajibu:

"Kwa nini utoe bei ya dukani wakati nje ni nusu? Wewe ni tapeli?"

Sikulifikiria hilo hata kidogo. Kule kwao bei kamili ndiyo inayotisha! Nikajitetea kwamba nimeipenda rangi. Akasema usinidanganye, hakuna anayeipenda rangi hii, wateja wawili wamemuuliza kama inafutika na yeye amewaambia haifutiki. Wakamkimbia.

Inafutika. Ni kubonyeza mara mbili tu, nilimwonyesha mwenyewe mwezi wa kwanza. Anajua.

Nimeketi kwenye kile kigoda changu cha kusugulia meno na machozi yamekuja, basi, yamekuja.

Kaandika tena. Sawa, tufanye elfu ishirini na mbili, sitaki zaidi, ila nipe jina lako la kwenye mchezo nikuhamishie mwenyewe. Nikiona si mtu wa kweli naghairi.

Jina langu la kwenye mchezo ni Baba Kipepeo. Alilichagua yeye, akiwa na miaka kumi, mimi nilitaka Simba wa Chuma.

Naweza kufungua akaunti nyingine. Lakini akaunti mpya haipokei kitu mpaka siku saba, masharti nimeyasoma. Naweza kuazima ya Bi Mapokezi, yupo hapo mlangoni, namsikia anacheka na mgonjwa aliyekuja kutolewa nyuzi za kidonda. Hatua kumi tu. Angenipa, na angejua yote. Naandika hapa ili nisiandike kule. Nimeandika kule Baba. Nimefuta. Nimeandika tena Baba, nimeweka nafasi, kidole kipo juu ya K.

Simu imetikisika. Ni Haraka:

"Upo?"