Nasoma Amerika, Siendi Amerika

Jumatatu, 4 Agosti
Kuchambua maharagwe tena, kitabu magotini. Bado mwaka mmoja nimalize masomo ya utamaduni wa Amerika: historia, nyimbo, sheria, sinema, vyote katika idara moja. Hapa nyumbani Nyabiondo, likizoni, nashindwa kuyaeleza. Papa kauliza tena, "Sasa utaenda kule siku gani?" Nikajifanya sikusikia.

Jumatano, 6 Agosti
Mama Neema, jirani yetu, kaleta picha za pasipoti za watoto wake wote. "Utie mu dosye yako," yaani faili la safari. Kumbe Papa ametangaza kwamba nasomea njia ya kwenda Amerika. Nikazipokea. Mjinga mimi. Nina hasira na Papa, na zaidi na nafsi yangu.

Jumamosi, 9 Agosti
Mkoba umejaa picha. Hata ya jirani mwingine, Papa Bahati, anayeogopa kupanda pikipiki! Mchungaji anataka kuniombea kesho mbele ya wote, kama msafiri wa Amerika. Nikikubali, nimedanganya kanisani. Nikikataa, Papa ataaibika, na alishasema: kama si kwenda kule, masomo yaishe, nikamate jembe. Siwezi kutulia. Nazunguka nyumba tu.

Jumapili, 10 Agosti
Nimesema. Nilisimama mbele, kabla ya maombi. "Mimi siko naenda Amerika. Niko nasoma tu vile watu wa kule wanaishi." Kisha Mama Neema: "Sasa unasoma watu wenye hautaona?" Kanisa zima likacheka. Papa akachukua kofia, akatoka. Kwaya ikaimba wimbo wa safari hivyo hivyo, maana ndio waliokuwa wameufanyia mazoezi.

Jumatatu, 11 Agosti
Kurudisha picha, nyumba kwa nyumba. Wengine hawakunitazama. Papa hasemi nami. Naumia.

Jumatano, 13 Agosti
Shambani na Papa. Leo ametoa sauti. "Kule muko munasoma nini basi?" Nikamweleza sura niliyosoma jana: wakulima wadogo wa Amerika ya zamani waliamka wakakuta mashamba yao yamezungushiwa waya, kwa ajili ya ng'ombe wa matajiri. Papa akasimamisha jembe. Akatazama juu kilimani, kwenye waya wa malisho unaopita katika shamba lililokuwa la babu yake.

"Hata kwao?"

"Hata kwao, Papa."

Akalima mstari mzima. Kisha akauliza pikipiki ya kwenda Mpofi, ile ya kunirudisha chuoni, inatoka siku gani. Nikamwambia kesho kutwa. Tukaendelea kulima.