Nyuki Wako Kazini

Kharumwa, 19 Januari 2025

Mwanangu Onesmo,

Hujambo huko Rwamgasa? Kifua kimepona? Simu yangu bado mbovu, ndiyo maana nampa kondakta wa basi barua hii. Sisi wazima, ila nyuki wangu si wazima. Lile shamba kubwa la pamba linalopakana na ngitili yetu, yale malisho tuliyoyatenga, lina trekta ya kupulizia dawa, nayo hupita asubuhi, maua yakiwa wazi. Nimekuta mizinga mitupu na nyuki wametapakaa chini kama mtama uliomwagika. Umebaki mzinga mmoja tu wenye uhai.

Maboga nayo yanachanua, halafu viboga vichanga vinadondoka. Sasa nyuki nimekuwa mimi: alfajiri nachuma ua dume, nalipakaza kwenye ua jike, hadi shamba liishe. Mgongo unaniuma kweli. Wakifa na hawa waliobaki, sijui nitafanyaje.

Nawe na hilo shimo lenu la dhahabu mnanitia hofu. Niandikie.

Mama yako

Rwamgasa, 2 Februari 2025

Mama, shikamoo.

Kifua kimepona. Barua yako niliwasomea wenzangu, Masudi akacheka hadi akakaa chini, eti mama yangu anafungisha ndoa za maboga! Mimi sikucheka sana, maana naujua mgongo wako. Achana na hilo shamba, uje ukae nami. Maboga hapa yanaletwa na malori.

Kuhusu shimo letu, duara kama tunavyoliita hapa, usihofu. Haipigwi baruti mpaka kila mtu apande juu. Kalisti, mlipuaji wetu, huita majina, na jina moja lisipoitikiwa hawashi, hata tajiri apige kelele vipi.

Mwanao, Onesmo

Kharumwa, 9 Machi 2025

Onesmo wangu,

Marahaba. Habari za huko? Nimechelewa kujibu kwa sababu barua yako nilikuwa naitembeza.

Nilikwenda kwa meneja wa shamba, Bwana Selestine. Akasema dawa ni halali na ratiba imetoka juu. Kesho yake nikarudi, nikakaa kibarazani kwake mpaka akatoka. Nikamsomea pale pa baruti. Nikamwambia, "Baba, kwa mwanangu hawalipui watu wakiwa ndani. Wangu nao asubuhi wako kazini. Ngoja jioni warudi nyumbani."

Akacheka. "Sasa nyuki nitawaitaje majina?"

"Wewe ita tu, nitaitika mimi."

Basi siku ya dawa, jua likizama, dereva anasimamisha trekta mpakani: "Mama Onesmo, wameingia?" Naangalia mlango wa mzinga, nauziba kwa kitambaa kibichi, najibu, "Wameingia!" Ndipo anawasha.

Huko siji. Nani ataitika?

Mama yako

Rwamgasa, 20 Machi 2025

Mama, shikamoo.

Nimefurahi hadi nimeshindwa kula. Kalisti, mtu asiyesifu hata mboga ya mkewe, amesema akikutana nawe atakuvulia helmeti. Mama, nakuheshimu, na si kwa sababu umenizaa tu. Sitakwambia tena uje.

Mgongo je? Bado unafungisha ndoa?

Mwanao, Onesmo

Kharumwa, 6 Aprili 2025

Mwanangu,

Umeamkaje? Boga hili nimempa kondakta alishike kwa mikono miwili. Lipikeni na maganda yake, Kalisti apate kipande kikubwa. Ua lake sikuligusa mimi.

Mgongo umepumzika. Nyuki wamegawanyika, kundi jipya limeingia lenyewe kwenye mzinga wa gogo uliokuwa mtupu. Jana jioni dereva aliponiita, niliitika mara mbili.

Mama yako